Laptopu ndogo, monita kubwa, na tundu lililo katikati

Mpwa wangu alinipigia simu akiwa Kariakoo, amesimama mbele ya kaunta yenye laptopu mbili. "Shikamoo mjomba. Kuna hii ya inchi 15, na hii nyingine ya 12 na nusu. Bei wameziweka sawa. Si nichukue kubwa tu?" Hata sijamaliza kuitika marahaba nikamsikia muuzaji kwa nyuma: "Dada, kubwa ndiyo laptopu. Hiyo ndogo ni ya kubebea tu."

Yule kijana alikuwa amesema kweli asijue. Ya kubebea tu ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Binti huyu asubuhi yuko kazini Posta, jioni yuko darasani kwenye shahada yake ya uzamili, usiku yuko nyumbani Kimara anaandika tasnifu. Mashine yake inapanda basi la mwendokasi mara mbili kwa siku, ndani ya mkoba uliobanwa kifuani. Nikamwambia achukue ndogo, na mwezi ujao akivuta pumzi tutatafuta monita, yaani skrini ya nje, ya kukaa mezani kwake.

Hakunielewa, na sikumlaumu. Inchi zinadanganya, maana hupimwa mshazari, kona hadi kona. Hebu tuzifungue.

Chukua karatasi ya A4, ile ya kawaida ya kuchapia: upana sentimita 21, urefu 29.7. Skrini ya laptopu ya inchi 13.3, kwa umbo pana lililozoeleka, ina upana wa sentimita 29.4 na urefu wa 16.6. Ukiilaza karatasi yako juu yake kwa ubavu, inaifunika yote na kuning'inia chini. Sasa nenda kwenye ile ya inchi 15.6, ile "kubwa". Urefu wake ni sentimita 19.4. Yaani kwa kubeba mashine inayokaribia au kupita kilo mbili badala ya kilo moja na robo, umejiongezea urefu wa skrini usiofika sentimita tatu. Mtu anayesoma na kuandika anahitaji urefu, kwa sababu maandishi yanashuka chini. Upana ni mali ya sinema.

Halafu pima monita ya inchi 24. Urefu wake ni sentimita 29.9, upana 53. Karatasi ya A4 ikisimama inaijaza kuanzia juu hadi chini kama iliyokatiwa kipimo, na ya pili inakaa kando yake, na nafasi bado inabaki. Makala unayoinukuu huku, sura unayoiandika kule. Ndiyo maana napenda kumwambia mtu aende dukani na karatasi mkononi. Muuzaji atakushangaa kidogo, lakini hatakuuzia namba.

Kwa hiyo laptopu ibebeke, monita ionyeshe. Ya inchi 15 inajaribu yote mawili, haifiki popote.

Nukta zilizo nyuma ya inchi

Karatasi inakupa ukubwa wa kioo. Kuna kipimo cha pili, nacho ni idadi ya pikseli, zile nukta za mwanga zinazounda herufi. Monita mbili za ukubwa mmoja zinaweza kutofautiana kama kitambaa cha kanga na wavu wa samaki.

Full HD maana yake ni nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Zikisambazwa kwenye inchi 24 unapata nukta 92 kwa kila inchi, na herufi zinasomeka bila tabu. Idadi hiyohiyo ikivutwa hadi inchi 27, kila inchi inabaki na nukta 82. Umenunua kioo kikubwa zaidi, ila hujaongeza hata mstari mmoja wa maandishi. Herufi zimenenepa tu, na kingo zake zinaanza kuonekana. Kwa mtu anayeshinda kwenye maandishi, monita ya inchi 27 yenye Full HD naiona hasara, labda kama macho yamechoka na unataka herufi kubwa. Hapo ni sababu halali.

Ya inchi 27 inaanza kuwa na maana ikiwa na nukta 2560 kwa 1440. Programu za Windows huhesabu ukurasa wa A4 kuwa na urefu wa nukta 1123 ukiutazama kwa asilimia 100. Monita ya 1080 ukishatoa menyu za juu na ule mstari wa chini unaona kama robo tatu ya ukurasa. Ya 1440 inauonyesha ukurasa mzima, menyu zikiwa palepale, na kwa upana zinaingia kurasa tatu. Laptopu ndogo ya Full HD, ambayo Windows yenyewe hukuza herufi zake hadi asilimia 150 ili zisomeke, inakupa chini ya nusu ya ukurasa. Ukiandika tasnifu kwa kuona nusu ukurasa unakuwa mtu wa kupanda na kushuka siku nzima.

Kuna ujanja wa bei nafuu ambao wengi hawaujui: monita ya inchi 24 ambayo kiguu chake kinaruhusu kuigeuza isimame wima. Hapo ule upana wa 1920 unakuwa urefu, na unaona karibu ukurasa mmoja na nusu kwa mkupuo. Wahariri na waandishi wa programu za kompyuta wanaipenda hiyo. Na ukikutana na zile za mtumba zilizotoka maofisini zenye 1920 kwa 1200, zichukue kwa mikono miwili. Ile mistari 120 ya nukta za ziada unaihisi kila siku.

4K je, yaani nukta 3840 kwa 2160? Kwenye inchi 27 nukta zinakuwa ndogo mno hadi unalazimika kukuza herufi kwa asilimia 150, na ukishafanya hivyo nafasi yako inarudi kuwa ileile ya 1440. Unachobaki nacho ni herufi kali, kama za kitabu kilichochapwa vizuri. Kwa mpiga picha ni hitaji. Kwa mwanafunzi ni anasa, tena anasa inayodai laptopu yenye tundu la maana, kama tutakavyoona.

Najua kuna msomaji anayewaza, "Mbona sebuleni kuna TV ya inchi 32?" Nami niliwahi kuijaribu. TV nyingi za ukubwa huo zina nukta 1366 kwa 768, sawa na laptopu za zamani, zikiwa zimesambaa kwenye eneo pana: nukta 49 kwa inchi. Kwa mpira ukiwa kwenye kochi haina neno. Ukiisogelea kwa umbali wa mkono, herufi "m" inakuwa kama kichana kilichovunjika meno.

Tundu

Hapa ndipo fedha za watu zinapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 2014 lilitangazwa tundu jipya, USB-C, lile dogo la duaradufu unalolichomeka upande wowote. Sasa liko kwenye simu, laptopu, monita, hata kwenye taa za kuchaji. Watu wakaona umbo moja wakadhani ni kazi moja. Umbo ni moja kweli. Ila ndani ya tundu hilo kuna kazi tatu tofauti: kupitisha mafaili, kupitisha umeme, kupitisha picha. Mtengenezaji yuko huru kuweka moja, mbili au zote. Laptopu mbili zilizopangwa bega kwa bega, zenye matundu yanayofanana kama mapacha, moja inaweza kuwasha monita na nyingine ikakutazama tu.

Mimi nilijifunza kwa gharama. Nilinunua adapta ya kutoka USB-C kwenda HDMI, lile tundu la picha la kwenye TV na monita, nikachomeka, kimya. Nikairudisha dukani kwa maneno makali, nikapewa nyingine. Kimya. Ya tatu nikanunua ya bei juu zaidi kwa hasira. Jioni, nikisoma maelezo ya laptopu yangu kwa utulivu kwa mara ya kwanza, nikakuta tundu lile ni la mafaili peke yake. Adapta zote tatu zilikuwa nzima. Kilichonisumbua zaidi ni yale maneno niliyomwambia kijana wa watu.

Tazama alama zilizo kando ya tundu. Herufi D yenye P ndani yake ni ishara ya DisplayPort, maana yake picha inapita. Alama ya radi yenye ncha ya mshale ni Thunderbolt, ambayo tangu toleo la 3 la mwaka 2015 hutumia umbo hilohilo na hupitisha picha bila maswali. Lakini kutokuwa na alama hakuthibitishi kitu, maana wengine hawaichori. Njia ya uhakika ni kutafuta jina kamili la modeli mtandaoni, kisha kusoma mstari wa USB-C: ukikuta neno DisplayPort au Thunderbolt, endelea. Ukikuta namba za kasi ya mafaili tu, tulia. Na njia ya uhakika kuliko zote ni kwenda na waya wako, kuchomeka kwenye monita yoyote iliyopo dukani, kisha ndipo utoe pesa.

Nimesema waya wako, na waya nao una mambo yake. Ule uliokuja na chaja ya simu mara nyingi una nyuzi za umeme na za mafaili ya mwendo wa zamani basi. Picha haina pa kupita. Tundu linaweza kuwa sahihi, monita sahihi, na bado ukaona giza kwa sababu ya waya uliookota kwenye droo.

HDMI ni mpole zaidi. Laptopu yenye HDMI na monita yenye HDMI zitaelewana kwa Full HD bila kelele, na hata kwa 1440 kwa kawaida. Kikwazo kiko kwenye 4K. Laptopu nyingi za ofisini za miaka ya 2017 na 2018 zina HDMI ya toleo la 1.4, na toleo hilo hupeleka 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde badala ya 60. Ukisogeza kipanya, mshale unafuata kama mtu anayeburuta mguu. Wengi hudhani mashine imechoka. Ukipitisha picha kwenye DisplayPort au USB-C ya mashine hiyohiyo, mara nyingi inarudi 60.

Monita za mtumba zina tatizo lake: nyingine hazina HDMI kabisa, zina VGA ya bluu yenye pini 15, DVI nyeupe, na DisplayPort. Usizidharau kwa hilo, adapta zipo. Jambo la kukumbuka ni kwamba adapta ni barabara ya upande mmoja. Inayotoa picha kwenye HDMI kwenda VGA haiwezi kutoa VGA kwenda HDMI, hata kama ncha zinaingia. Mwambie muuzaji kwa utaratibu: "Laptopu yangu ina tundu hili, monita ina tundu hili." Ukimwambia "nataka ya HDMI na VGA" umecheza bahati nasibu.

Wenye MacBook Air wana kikomo kingine, kilicho ndani ya chipu yenyewe. Zenye M1 na M2 huendesha monita moja ya nje, basi, hata ukichomeka kifaa chenye matundu sita. M3 inaendesha mbili ukifunga kifuniko. M4 inaendesha mbili kifuniko kikiwa wazi. Kwa mwanafunzi mwenye monita moja si tatizo. Nalitaja kwa sababu nimeona mtu akinunua monita mbili siku moja.

Raha ya mambo haya ni pale tundu lenye kazi zote tatu linapokutana na monita inayotoa umeme. Waya mmoja: picha inakwenda, umeme unarudi, kibodi na kipanya vimechomekwa nyuma ya monita. Unafika nyumbani, unachomeka kimoja, unaanza. Tazama tu wati. Laptopu ndogo nyingi zinataka 45 hadi 65. Monita inayotoa 15 itakuwa inalamba betri midomo.

Kabla hujalipa mtumba

Laptopu ndogo nzuri zilizo mikononi mwa wengi wetu ni zilizokwishatumika maofisini Ulaya, Marekani au Ghuba: ThinkPad za X, Latitude za 7000, EliteBook za 830. Ni mashine imara, zilitengenezwa ziburuzwe. Yapo machache ya kukagua.

Soma namba ya prosesa. Kwenye i5-7200U, ile 7 ni kizazi cha saba. Kwenye i5-8250U ni cha nane. Mpaka uko hapo, kwa sababu Windows 11 inakubali rasmi Intel Core kuanzia kizazi cha nane, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji anaweza kuwa ameisukumia Windows 11 kwenye kizazi cha sita, nayo ikawaka vizuri tu, ila masasisho yakikwama hutampata wa kumuuliza. Kama uko tayari kutumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, habari ni nyingine, na unaweza kupata kitu kizuri kwa bei ya kutupa.

RAM, ile kumbukumbu ambamo programu hufanyia kazi: kadiri laptopu ilivyo nyembamba ndivyo uwezekano wa RAM kugundishwa kwenye bodi unavyoongezeka. ThinkPad X270 ina nafasi ya kubadilisha. Mdogo wake, X280, hana: uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Kwa iliyogundishwa usikubali GB 4, na GB 8 ziwe ndizo za chini kabisa.

Betri usiamini ile asilimia ya pembeni. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, na Windows itakutengenezea ripoti. Linganisha uwezo iliyozaliwa nao na uwezo unaojaa sasa. Ikiwa ilizaliwa na 48,000 na leo inajaa 20,000, una betri ya kusindikizia, na bei ishuke kwa kiasi hicho.

Washa mashine kuanzia mwanzo kabisa ukiwa na intaneti. Ikitokea nembo ya kampuni fulani ikikuomba uingie kwa barua pepe ya kazini, irudishe pale pale. Bado ina mwenyewe.

Na kibodi. Za kutoka Ujerumani Y na Z zimebadilishana nafasi, kwa lugha yetu hii iliyojaa "ya" na "za". Za Kifaransa A imekaa mahali pa Q, na Kiswahili bila A sijui kitabaki nini. Waliosomea Bujumbura au Lubumbashi huenda wakaona ndiyo nyumbani. Mimi nilikuwa naandika "hqbqri" kwa wiki mbili. Lakini hapa ndipo monita inapokusaidia tena: mezani utachomeka kibodi ya nje, hiyo ya laptopu inabaki ya safarini.

Monita nayo ina mtihani wake. Weka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, utafute nukta zilizokufa na madoa ya mwanga. Kisha chuchumaa uitazame kutoka chini. Rangi zikigeuka kama negativu ya picha ya zamani, ni ya aina ya TN. Ya IPS haibadiliki namna hiyo. Nyuma, angalia kibandiko cha umeme kama kimeandikwa 100-240V, hasa kwa zilizotoka Marekani. Waya wa umeme wenye ncha ya Ulaya usikutishe, ule wa kompyuta ya mezani unaingia vilevile. Kiguu kisichopanda juu kinatibika kwa rimu za karatasi: moja ina unene wa sentimita tano hivi. Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini kidogo, na uso wako uwe mbali kwa urefu wa mkono.

Umeme ukikatika, monita inazima na laptopu inaendelea. Madirisha yote yanakimbilia kwenye skrini ndogo, unapoteza nafasi tu, kazi ipo. Monita ya inchi 24 hula kama wati 20, kwa hiyo hata inveta ndogo ya nyumbani inaibeba kwa muda. Ila badilisha kwanza mpangilio wa Windows unaoamua kifuniko kikifungwa kitokee nini, la sivyo utafunga laptopu upishe kibodi ya nje na kila kitu kitalala.

Mpwa wangu alichukua ile ndogo, X280 yenye GB 16, na mwezi uliofuata monita ya inchi 24 iliyotoka ofisini kwa mtu, haina HDMI, ina DisplayPort. Waya wa kutoka USB-C tuliujaribu dukani tukiwa tumeshika pesa mfukoni. Usiku saa tatu simu ikaita.

"Mjomba, imewaka. Lakini kinachoonekana kwenye laptopu ndicho hichohicho kwenye monita. Sasa faida iko wapi?"

"Shika kitufe cha Windows, bonyeza P. Chagua ya tatu kutoka juu."

"Ya pili ni hiyohiyo niliyo nayo. Ya tatu..." Kimya. Nikasikia kipanya kikigonga meza. "Aa. Mshale umevuka."